Je, Ni Haki Kumficha Mtoto Lugha ya Baba Yake?



Kuna swali moja ambalo limekuwa likirudi katika mazungumzo ya wazazi baada ya ibada, hapa kwetu Bunia. Linakuja kwa namna nyingi, lakini shina lake ni moja. Baba mmoja alilisema wazi kuliko wengine. Alisema: "Shemasi, mimi lugha yangu niliiacha kwenye barieri mwaka 2003. Watoto wangu wanasema Kiswahili na Kifaransa, basi. Mtu akiwasikia njiani hawezi kujua sisi ni watu gani. Nimewakinga. Je, nimefanya vibaya?"

Hakuwa anatania. Na hakuwa peke yake, kwa maana wale waliosimama naye waliinamisha vichwa wakangoja jibu. Swali la namna hii halijibiwi kwa haraka mbele ya mlango wa kanisa. Inapasa tuliwaze pamoja, polepole. Mimi si mwalimu wa lugha, masomo yangu yaliishia sekondari; lakini nimekulia katika lugha mbili, nimezika mzazi katika mojawapo, na hayo mambo yamenifundisha kidogo.

Kwanza niseme neno juu ya Kiswahili, ili mtu asifikiri kwamba ninakishitaki. Lugha hii haikuota hapa Ituri. Katika karne ya 19 ililetwa na misafara ya wafanyabiashara wa Zanzibar na watu wao wa Maniema, waliokuja kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1887 Stanley alipopita msitu wa Ituri kwenda Ziwa Albert, wapagazi wake wengi walikuwa Wazanzibari, na ndani ya msitu ule alikuta kambi za watu wa pembe wamekwisha kumtangulia. Halafu wakaja Wabelgiji, na machimbo ya dhahabu ya Kilo-Moto, ambako watu wa makabila mengi walitiwa katika kazi moja na kulazimika kusikilizana. Kiswahili kikawa lugha ya kazi, kisha ya soko, kisha ya shule ya watoto wadogo, kisha ya sala. Kwa Kiswahili hiki Mlendu ananunua maharagwe kwa Mhema, Mnande anafungua duka, Mlugbara anachumbia kwa Wabira, na sisi sote tunaimba wimbo mmoja. Watu wa pwani wakikisikia wanatabasamu. Watabasamu tu. Kinatutosha.

Lakini tuangalie jambo moja. Lugha ambayo leo tunaombea iliingia katika msitu wetu pamoja na mnyororo. Hakuna mtu kati yetu anayesema: tusiseme Kiswahili, kwa sababu walioinunua mishipi ya watumwa walikisema. Tunajua kwamba dhambi ilikuwa ya watu, wala si ya lugha yao. Basi nawaomba mkumbuke hilo, kwa maana nitalirudia nitakapofika kwenye habari ya vita.

Baba yangu alitoka upande wa Mahagi, akaenda kutafuta kazi kule Mongbwalu, na mwisho akajenga hapa Bunia. Ndani ya nyumba tulisema Kialur. Ukivuka mlango, ni Kiswahili. Kwa Kialur tuliamshwa, tulikemewa, tuliambiwa nani amekufa. Kwa Kiswahili tulicheza mpira, tulinunua chumvi, tulisoma miaka ya kwanza kabla Kifaransa hakijatufikia. Hakuna aliyetuambia wakati gani tutumie ipi. Mtoto anajua tu. Kwa muda mrefu nilifikiri kila mtoto duniani ana lugha mbili, moja ya ndani na moja ya nje, kama alivyo na nguo za nyumbani na nguo za kanisa. Mpaka leo hesabu ninaifanya kwa Kiswahili. Lakini nikijigonga kidole kwa nyundo, neno linalotoka si la Kiswahili.

Baba alikufa mwaka 2011. Alishikwa na ugonjwa wa kupooza. Kifaransa kilimtoka kwanza, kile kidogo alichokiokota mgodini. Kisha Kiswahili kilianza kumtoka, yeye aliyekisema miaka arobaini na zaidi. Majuma mawili ya mwisho alibaki na Kialur tupu, kama mtu aliyevua koti, akavua shati, akabaki na ngozi yake. Wale mnaotunza wagonjwa mmeona jambo hili. Mzee anapokaribia kuondoka, mara nyingi anarudi kwenye lugha ya mama yake.

Wajukuu walisimama kando ya kitanda. Walimpenda sana, kwa maana ndiye aliyewabeba. Lakini hao walikuwa wamelelewa kwa Kiswahili peke yake, kwa sababu ile ile ya barieri. Mmoja, msichana wa miaka tisa, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Baba mdogo, babu anaomba?" Hakuwa anaomba. Alikuwa anauliza kama kuku wamefungiwa, na kama ile mvua ya upande wa ziwa imekwisha kufika. Kisha akamwita yule mtoto kwa jina, akamwambia maneno marefu kidogo: kwamba ule mti ulio karibu na kisima usikatwe, na akautaja kwa jina lake, lakini ulimi ulikuwa mzito na jina lenyewe lilitoka nusu. Mimi nilimtafsiria mtoto. Alitikisa kichwa kwa heshima. Lakini ndugu, maneno ya babu anayekufa, yakipita kwanza katika kinywa cha mtu mwingine, yanafika yamepoa. Nilimwona yule mtoto akitazama midomo ya babu yake, na si yangu.

Hapo nilianza kuelewa kwamba swali letu si la kabila tu. Ni swali la nani atapokea nini kwa nani.

Chukua mambo ya shamba na pori, ambayo wengi wanafikiri hayahusiani na lugha. Katika Kialur, kama katika lugha nyingine za jamii ya Waluo, neno la mti na neno la dawa ni moja: yath. Mtu aliyekulia katika neno hilo, akiona mti, moyo wake unauliza bila kulazimishwa: huu unaponya nini? Katika Kiswahili mti ni mti, na dawa inatafutwa duka la dawa. Sisemi kwamba kila mti unaponya. Wengi wamekufa kwa mizizi ya waganga waongo, na tuendelee kuwapeleka wagonjwa hospitali. Nasema kwamba swali lenyewe linakufa pamoja na neno. Vivyo hivyo kumbikumbi. Sisi watu wa mjini tuna neno moja, na sahani moja. Baba alikuwa na majina mbalimbali kwa wale wanaotoka usiku na wale wanaotoka mchana, na kwa jina tu alijua wa aina gani watoke baada ya mvua gani, na kichuguu kipi kichimbiwe shimo mapema. Mtu mwenye jina moja tu anangoja aone mabawa kwenye taa.

Au litazameni ziwa letu. Mwaka 1864 Samuel Baker, Mwingereza, alilipa jina la Albert, mume wa malkia wake, mtu aliyekuwa amekwisha kufa na ambaye hakuliona kamwe. Katika miaka ya 1970 Mobutu alilipa jina lake mwenyewe, likabaki nalo mpaka utawala wake ulipoanguka mwaka 1997. Lakini watu wa ng'ambo, Wanyoro, ambao lugha yao ni jirani na Kihema cha kusini, wanaliita Mwitanzige, yaani muuaji wa nzige. Na katika jina la zamani la Waalur mna neno bonyo, nalo ni nzige. Makabila mawili, lugha mbili ambazo hazifanani hata kidogo, na yote mawili yamekumbuka jambo moja: kundi la nzige linalojaribu kuvuka maji mapana, linachoka, linaanguka. Wakulima ng'ambo hii na ng'ambo ile walisimama wakitazama mbinguni kwa hofu moja, wakashukuru kwa sababu moja. Habari hiyo haimo katika neno Albert. Wala haimo katika neno Mobutu.

Sasa tufike kwenye hofu, kwa maana ndiyo moyo wa swali.

Wale waliokuwa hapa kati ya 1999 na 2003 hawahitaji kusimuliwa. Mashirika ya haki za binadamu yalihesabu watu zaidi ya 50,000 waliokufa katika Ituri. Mwezi wa Mei 2003, askari wa Uganda walipoondoka Bunia, watu walikimbilia uwanja wa ndege na kambi ya MONUC kwa maelfu, mpaka askari wa Ulaya walipofika mwezi wa Juni. Kwenye barieri mtu aliulizwa kabila, alitazamwa uso, alisikilizwa matamshi. Mama aliyemziba mtoto mdomo ili asilie kwa lugha yake, nani atamhukumu? Mimi hapana. Na hofu hiyo si ya zamani tu: tangu mwisho wa mwaka 2017 mauaji yalirudi Djugu, na mwezi wa Mei 2021 serikali ilitangaza hali ya kuzingirwa katika jimbo letu. Mzazi anayeogopa haoti ndoto. Anaogopa kitu alichokiona.

Lakini tuwaze sawasawa juu ya kile lugha ilichofanya na kile ambacho haikufanya. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, tunasoma habari za vivuko vya Yordani. Watu wa Gileadi waliwashika Waefraimu waliokuwa wakikimbia, wakamwambia kila mmoja atamke neno moja, Shibolethi. Aliyeshindwa kulitamka sawasawa aliuawa, na waliokufa walikuwa elfu arobaini na mbili. Tunaposoma hapo tunafikiri: ni barieri yetu hii. Ni kweli. Lakini fuateni ukoo. Efraimu alikuwa mwana wa Yusufu. Na Gileadi alitoka kwa Makiri, na Makiri kwa Manase, naye Manase alikuwa mwana wa Yusufu. Wale waliosimama kivukoni na wale waliochinjwa walikuwa wajukuu wa ndugu wawili, waliobarikiwa siku moja na babu mmoja, Yakobo. Walisema lugha moja. Tofauti yao ilikuwa sauti moja tu ya herufi. Hawakuchinjana kwa sababu ya herufi ile. Walikuwa wamekwisha kuamua kuchinjana kwa sababu ya matusi na wivu wa vita, ndipo wakatafuta kitu cha kuwatenganisha, wakaona herufi.

Na sisi hapa tumeona jambo kubwa kuliko hilo. Wahema wa kusini wana Kihema chao. Lakini Wahema wa kaskazini, wale wanaoitwa Wagegere, tangu vizazi vingi wanasema Kilendu. Lugha yao ya nyumbani na lugha ya jirani zao Walendu ni moja. Katika Djugu, Shibolethi isingefanya kazi. Wote wangelitamka neno sawasawa. Na ni Djugu hiyo hiyo ambako moto wa mwaka 1999 ulianzia, juu ya mashamba, na ambako uliwaka kwa ukali. Rwanda pia, mwaka 1994, ilikuwa nchi ya lugha moja. Basi yule anayesema, "Watoto wetu wote wakisema Kiswahili tu, hawatauana," namwomba anionyeshe pahali ambapo lugha moja imezuia panga. Aliyetaka kuua alipata alama nyingine: urefu wa mtu, pua yake, kijiji chake, jina la baba yake kwenye karatasi. Kumnyima mtoto lugha hakukumficha. Kumemfanya tu asijue kile anachoshitakiwa.

Kwa hiyo ninatenganisha mambo mawili. Kunyamaza saa ya hatari ni busara. Rahabu aliwaficha wapelelezi juu ya dari, naye anasifiwa. Lakini wapelelezi walishuka siku ile ile. Kumficha mtoto juu ya dari miaka ishirini ni jambo lingine, na huko hakuna tena usalama, kuna ukiwa.

Mtu atasema: lakini shemasi, kiburi cha kabila kinaingia kwa mlango wa lugha. Neno hili nalipokea, kwa maana lina ukweli. Pamoja na majina ya miti na kumbikumbi, kila lugha ya Ituri inabeba pia maneno ya kuwaitia jirani: majina ya dharau, mithali za kuwacheka, nyimbo za kuwatisha. Yangu pia inayo. Baba alikuwa nayo yote, mtu wa mgodini hakosi; lakini nyumbani hakuyatumia, nami nilipoyasikia kwa watu wengine nikiwa kijana niliona haya kumwuliza maana yake. Kuna maneno ambayo mzazi anapaswa kuyaacha yafe pamoja naye, na hiyo pia ni sehemu ya kufundisha lugha. Yule anayekaa na mtoto wake akamfundisha Kilendu, au Kihema, au Kibira, au Kingiti, na kila jioni anamwekea chumvi ya kisasi, huyo amempa mtoto panga lenye mpini mzuri. Tusimsifu kwa kutunza utamaduni.

Na kuna wanaoleta ukali wa upande mwingine. Nehemia, alipokuta watoto wa Wayahudi hawajui kusema lugha ya kwao, aliwalaani baba zao, akawapiga baadhi yao na kuwang'oa nywele. Imeandikwa, sikatai. Lakini mimi sitamng'oa mtu nywele hapa Bunia, mahali ambapo wengi walizipoteza kwa huzuni tayari.

Ninayempenda katika jambo hili ni Yusufu. Mtu huyu aliuzwa, akapelekwa nchi ya lugha ngeni, akajifunza mpaka akawa mkubwa ndani yake. Alipewa jina la Kimisri, mke Mmisri, mavazi ya Kimisri. Na alipopata mtoto wa kwanza alimwita Manase, maana yake Mungu amemsahaulisha taabu yake na nyumba yote ya baba yake. Lakini angalieni: jina lenyewe ni la Kiebrania. Alitangaza kwamba amesahau, kwa lugha ile ile aliyodai kuisahau! Na ndugu zake walipokuja kutafuta chakula, aliongea nao kwa mkalimani, nao hawakujua kwamba anasikia kila neno. Walisema kwa lugha ya nyumbani juu ya kosa walilomtendea. Yusufu akageuka upande, akalia. Kama angekuwa amekwisha kuipoteza lugha ile, mkalimani angempa habari tu. Asingelia. Na pengine asingesamehe.

Jina linaweza kubeba wafu pia. Kwetu mapacha wa kiume wanaitwa Upio na Ucen, na mtoto wa kiume anayefuata baada yao anaitwa Ukelo. Kaka yangu mkubwa ana jina hilo. Kabla yake mama alizaa mapacha, nao wote wawili walikufa kabla ya kutembea. Hakuna kaburi lao tunalolijua, hakuna picha, hawakuandikwa popote. Wameandikwa katika jina la kaka peke yake. Kila mtu anapomwita Ukelo anasema, hata bila kujua: walikuwako wawili mbele yako. Watoto wake walijaza jina hilo kwenye karatasi za shule miaka mingi, wakifikiri ni sauti tu.

Yule msichana aliyesimama karibu na kitanda mwaka 2011 sasa ni mtu mzima. Siku nilipomweleza maana ya jina la baba yake alikaa kimya sana, kisha akaniuliza walikuwa wavulana wote wawili, na kama mama yangu aliwahi kuwataja. Nikamwambia ndiyo, mara moja, wakati wa kupalilia. Tangu hapo amechukua daftari. Jumapili jioni anakuja kwangu, anatembea shambani, anagusa mti mmoja mmoja na kuandika: upande wa kushoto jina la Kialur, upande wa kulia jina la Kiswahili, kama lipo. Mahali pengi upande wa kulia ni tupu. Kwenye mti wa karibu na kisima pande zote mbili ni tupu, kwa sababu hata mimi ninayo nusu tu ya lile jina. Shangazi yetu wa Mahagi anaujua. Ametuma neno kwamba atashuka baada ya mavuno, ikiwa barabara itapitika.